Jinsi ya Kuunda Benchi la Ufundi la Timu ya Hoki ya Barafu Katika Ligi Ndogo

Klabu kubwa ya soka ya Dar es Salaam au Nairobi huwa na benchi la ufundi lenye watu wengi: kocha mkuu na wasaidizi wake, kocha wa makipa, kocha wa viungo, daktari, mchua misuli, mchambuzi wa video, meneja wa timu na mtunza vifaa. Katika ligi ndogo za hoki ya barafu za Marekani na Kanada kazi zote hizo zipo, pamoja na nyingine ambazo soka haina, ila watu wa kuzifanya mara nyingi hawazidi wanne. Mwongozo huu ni kwa mtu aliyekabidhiwa jukumu la kuwatafuta watu hao, na hata kwa yule anayetamani kuwa mmoja wao. Kosa linalofanyika sana ni kutumia karibu nguvu zote kumtafuta kocha mkuu, kisha nafasi zilizobaki zikajazwa haraka haraka wiki chache kabla ya msimu, ilhali timu ya namna hii huyumba zaidi kwa kukosa mtunza vifaa mzuri au mtaalamu wa tiba aliye makini kuliko kwa kukosa mbinu mpya za ushambuliaji.

Jua kwanza nani anaajiri

Ligi ndogo hazifanani. Ligi ya AHL, iliyoanza mwaka 1936, ina timu 32, na kila moja inahusiana na klabu moja ya ligi kuu ya NHL, ambayo kwa kawaida ndiyo inayowachagua makocha na kuwalipa. Meneja wa mjini hapo hana sauti kubwa katika uteuzi huo. Chini yake ipo ECHL, iliyoanzishwa mwaka 1988, ambako mmiliki wa klabu huajiri benchi lake mwenyewe hata kama ana makubaliano ya ushirikiano na klabu za juu. Ipo pia SPHL, ambayo timu zake nyingi ziko kusini mwa Marekani, iliyoanza mwaka 2004, isiyo na uhusiano rasmi wa namna hiyo na NHL, ambako kocha mkuu anaweza kujikuta akifanya karibu kila kitu peke yake.

Hapa nitachukua ECHL kuwa kipimo, kwa kuwa ndiko uamuzi wa kuunda benchi unakobaki mikononi mwa klabu na fedha bado ni za kuhesabu. Msimu una mechi 72, kuanzia Oktoba hadi Aprili, nyingi zikichezwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, mara nyingine siku zote tatu mfululizo katika miji miwili au mitatu tofauti, na safari nyingi ni za basi, usiku. Ratiba hiyo ndiyo inayopaswa kuamua unaajiri nani. Mtu mwenye ujuzi mkubwa asiyeweza kuamka akiwa na akili timamu baada ya kulala kwa muda wa saa nne tu ndani ya basi hatakufaa, hata awe na vyeti vingi namna gani.

Kocha mkuu, ambaye pia ni mtu wa usajili

Katika klabu nyingi za ECHL kocha mkuu hubeba pia cheo cha meneja mkuu au mkurugenzi wa shughuli za hoki. Majira ya kiangazi, wakati barafu imeyeyushwa na ukumbi umekodishwa kwa matamasha, yeye anashinda kwenye simu akizungumza na mawakala na wachezaji, akijaribu kupanga kikosi ndani ya kikomo cha mishahara ambacho ligi hukihesabu kwa wiki. Lazima akumbuke kwamba hawezi kuwa na wakongwe zaidi ya wanne, yaani wachezaji wasio makipa waliokwisha kucheza mechi 260 za kulipwa. Lazima ajue nyumba zipi zitapangishwa, kwa sababu klabu huwapa wachezaji makazi. Na lazima azoee kuporwa watu, kwa kuwa klabu ya AHL ikipata majeruhi humwita mchezaji wa ECHL kwa mkataba wa majaribio wa hadi mechi 25, wala haisubiri ridhaa ya kocha wake.

Kwa hiyo unapomhoji mwombaji wa nafasi hii, usipoteze saa nzima katika falsafa yake ya mchezo. Mpe hali hii: ni Ijumaa, saa nne asubuhi, klabu ya AHL imemchukua mfungaji wako bora, beki wako mmoja ameamka na homa, na mechi ni saa moja usiku. Msikilize anaanza na nini. Mwombaji mzuri atakutajia watu anaowajua ambao hawana timu kwa wakati huo na wanaokaa umbali wa saa chache kwa gari, atamtaja kocha wa SPHL anayeweza kumpigia, na mapema katika maelezo yake atasema kwamba atampa taarifa mtunza vifaa, kwa sababu mchezaji mgeni atafika saa kumi jioni akihitaji jezi yenye jina, helmeti ya rangi ya klabu na viatu vilivyonolewa. Anayesahau hatua hiyo ya mtunza vifaa amezoea kufanyiwa kazi na wengine, na huku hakuna wengine.

Kocha msaidizi: mwajiri kama mrithi

Kwenye benchi wakati wa mechi kazi hugawanywa waziwazi. Kocha mkuu kwa kawaida huita safu za washambuliaji watatu watatu, na msaidizi huita jozi za mabeki, kwa sababu wachezaji hubadilishana bila mchezo kusimama, kila mmoja akikaa barafuni kwa sekunde 45 hivi, na mtu mmoja hawezi kufuatilia mabadiliko yote hayo huku akiusoma mchezo. Kadhalika mmoja husimamia mbinu za pale timu inapokuwa na mchezaji zaidi kwa sababu mpinzani amepewa adhabu, na mwingine husimamia hali iliyo kinyume. Nje ya mechi, msaidizi ndiye mchambuzi wa video. Ndani ya basi, taa zikiwa zimezimwa, yeye bado yupo na kompyuta mapajani akikata vipande vya mechi iliyomalizika ili vitazamwe asubuhi.

Mtihani wake ni rahisi kuutunga. Mpe rekodi ya mechi moja ya timu yako na saa mbili za kazi, kisha mwambie alete dakika nne tu za kuonyeshwa wachezaji. Atakayeleta dakika kumi na mbili hakuelewa swali, au ameelewa lakini hajui kuchagua, na yote mawili yana matokeo yaleyale mbele ya wachezaji waliochoka.

Kuna sababu nyingine ya kuichukulia nafasi hii kwa uzito. South Carolina Stingrays, klabu ya ECHL iliyoko North Charleston, iliwachukua Jared Bednar na, miaka kadhaa baadaye, Spencer Carbery kwa njia ileile: kila mmoja alicheza pale, akafanywa msaidizi, kisha akapewa timu. Bednar alitwaa Kombe la Kelly, ambalo ndilo taji la ECHL, mwaka 2009, akatwaa Kombe la Calder la AHL akiwa na Lake Erie Monsters mwaka 2016, na mwaka 2022 akaiongoza Colorado Avalanche kutwaa Kombe la Stanley, akiwa kocha wa kwanza kushinda mataji yote hayo matatu. Carbery alipita Hershey Bears ya AHL na sasa anaifundisha Washington Capitals. Klabu iliyowapata haikuwanunua kwa bei kubwa. Iliwapata miongoni mwa wachezaji wake yenyewe. Usiwatafute wanaume pekee, vilevile. Jessica Campbell aliingia katika benchi la Coachella Valley Firebirds ya AHL mwaka 2022, na mwaka 2024 Seattle Kraken ikampandisha akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha msaidizi wa kudumu kwenye benchi la NHL.

Mtaalamu wa tiba ya wanamichezo

Huyu si daktari, na si mchua misuli. Nchini Marekani ni mtu mwenye shahada na leseni ya fani hiyo, anayeruhusiwa kutathmini majeraha, kutoa huduma ya kwanza na kusimamia mazoezi ya kumrudisha mgonjwa mchezoni chini ya maelekezo ya daktari. Madaktari wenyewe, wa mifupa, wa meno na wa kawaida, huwa ni wa hospitali ya mjini wanaofika siku ya mechi kwa makubaliano maalumu, hivyo kwa siku zote nyingine, na kwa safari zote, mtaalamu huyu ndiye mtu pekee wa afya aliye na timu.

Kabla ya kutazama cheti chake, mwulize angefanyaje mchezaji akikatwa shingo na chuma cha kiatu. Swali hili si la kutisha watu bure. Machi 1989, katika mechi ya NHL mjini Buffalo, kipa Clint Malarchuk alikatwa mshipa wa shingo na kiatu cha mpinzani. Aliyemwokoa ni Jim Pizzutelli, mtaalamu wa tiba wa Buffalo Sabres aliyewahi kuwa mhudumu wa tiba wa jeshi katika vita vya Vietnam, ambaye aliingia barafuni akaubana mshipa ule kwa vidole hadi madaktari walipompokea. Malarchuk alipona akarudi kucheza. Oktoba 2023, huko Sheffield nchini Uingereza, Adam Johnson wa Nottingham Panthers, aliyewahi kucheza AHL, alikatwa vivyo hivyo na akafariki dunia. Tangu hapo vikinga shingo vimesisitizwa mno, na AHL ikavifanya vya lazima kwa wachezaji na waamuzi kuanzia msimu wa 2024 hadi 2025. Basi mwombaji mzuri atakujibu kwa mpangilio: nani anaingia barafuni, nani anafungua lango la gari la wagonjwa, machela yako wapi, nani anapiga simu, mchezaji anapelekwa hospitali ipi. Kisha ataongeza kwamba mpango huo lazima ufanyiwe mazoezi ukumbini kabla ya mechi ya kwanza, na kwamba ugenini atauliza mambo hayohayo timu inapofika, kabla hajafungua hata sanduku moja.

Jambo la pili ni mtikisiko wa ubongo. Wachezaji wote wapimwe kumbukumbu, mizani ya mwili na wepesi wa kujibu kabla ya msimu, ili pawe na kipimo cha kulinganishia mtu atakapogongwa. Na hapa kuna sharti ambalo napendekeza liandikwe ndani ya mkataba wa kocha mkuu, si katika barua ya pembeni: uamuzi wa kumtoa mchezaji kwa sababu ya afya, na wa kumrudisha, ni wa mtaalamu wa tiba na daktari peke yao. Kocha anayelikataa sharti hilo kwenye meza ya mazungumzo amekuokolea msimu mmoja wa ugomvi. Mshukuru, umtafute mwingine.

Mtunza vifaa

Kama klabu ina fedha za kumwongezea mtu mmoja mshahara, ningempa huyu. Yeye hufika ukumbini kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Basi likifika mji wa ugenini saa nane usiku, wachezaji wanakwenda kulala hotelini, naye anashusha mabegi, anatundika vifaa vilivyolowa jasho ili vikauke kabla ya asubuhi, na kuweka nguo za ndani kwenye mashine ya kufulia. Kifaa kisichokauka huongeza uzito, hunuka na huleta maambukizi ya ngozi ambayo huzunguka chumba kizima cha kubadilishia nguo.

Ujuzi wake mkuu ni kunoa. Chuma cha kiatu cha mchezaji kina unene wa takriban milimita 3, na cha kipa ni kinene zaidi. Chuma hicho hakinolewi kikawa na ncha moja kama kisu. Jiwe la mashine huchongwa kwanza likawa na mgongo wa mviringo, kisha linapopitishwa kwa urefu wa chuma linaacha mfereji katikati na makali mawili pembeni. Nusukipenyo cha mviringo huo kikiwa kidogo, mfereji huwa na kina na makali hushika barafu kwa nguvu. Kikiwa kikubwa, mchezaji huteleza kwa wepesi lakini hupata taabu kukata kona. Wengi hupenda nusu inchi, yaani milimita 12.7, wazito wazito mara nyingi huomba mfereji usio na kina sana, kwa kuwa uzito wao wenyewe unatosha kuzamisha makali. Barafu ya ukumbi wenye joto huwa laini na ile ya ukumbi baridi huwa ngumu, hivyo matakwa ya mchezaji mmoja yanaweza kubadilika kati ya Ijumaa na Jumamosi, na mtunza vifaa hana budi kuwa na daftari la kila mmoja.

Mwombaji wa nafasi hii mpe kiatu butu na mashine, usimame kando bila kuzungumza. Tazama kama anapitisha jiwe kwa mkono mwepesi na mwendo ule ule mwanzo hadi mwisho, kama anamalizia na kinoo cha mkononi kuondoa mabaki ya chuma pembeni, na kama anaweka kipimo cha sumaku juu ya chuma kuhakikisha makali yote mawili yako kimo kimoja. Kali moja likiwa juu kuliko jingine, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, mchezaji ataanguka kila akiegemea upande mmoja, naye atadhani tatizo ni goti lake. Mnoaji mzoefu mwishoni hukwangua ukucha wa kidole gumba kwenye makali, taratibu, akitazama kama unatoa unga mweupe sawasawa pande zote mbili.

Wakati wa mechi kazi yake huonekana kwa sekunde chache tu. Mchezaji anarudi benchi akichechemea kwa sababu chuma kimegonga nguzo ya goli na kali limekufa. Viatu vya siku hizi vina kitufe au wenzo wa kuachia chuma, kwa hiyo mtunza vifaa anapiga goti, anakivuta kile kilichoharibika, anachomeka kingine alichokinoa asubuhi chenye namba ya mchezaji huyo, anakipiga kwa kiganja kuhakikisha kimekaa, na mchezaji anakuwa tayari kabla safu yake haijaitwa tena. Asipokuwa na vyuma vya akiba vilivyonolewa na kupangwa, timu hucheza na mtu mmoja pungufu.

Watunza vifaa wengi waliwahi kucheza, na ujuzi huo husaidia kuliko inavyodhaniwa. Tarehe 31 Desemba 2016 kipa mmoja wa Carolina Hurricanes aliugua mjini Tampa. Mtunza vifaa wa timu hiyo, Jorge Alves, aliyewahi kudaka katika ECHL, alisaini mkataba wa siku moja na kuingia golini sekunde 7.6 za mwisho. Katika ligi ndogo, ambako makipa huitwa juu bila taarifa, si vibaya kuuliza mapema nani mjini anaweza kuvaa vifaa vya kipa kwa dharura, angalau kwa mazoezi.

Wale wa muda na wa kuazimwa

Kocha wa makipa si lazima awe wa kudumu. Klabu ya NHL au AHL mnayoshirikiana nayo, ikiwa imewaletea kipa wake kijana, hutuma kocha wake kumtazama mara kwa mara. Omba katika makubaliano kwamba akija awafundishe makipa wote wawili. Kocha wa viungo vilevile anaweza kupatikana kwenye chuo au gimu ya mjini. Mtangazaji wa redio wa timu, katika klabu nyingi, ndiye pia ofisa habari na mpanga hoteli na chakula cha njiani, na ni busara kumhesabu kama sehemu ya benchi kwa sababu ratiba ya basi iko mikononi mwake.

Kisha kuna vijana wa siku ya mechi wanaosaidia chumba cha wageni, kubeba maji, kukusanya magongo na kuzitia paki kwenye friza, kwani kisahani hicho cha mpira mgumu kisipogandishwa hudundadunda kikashindwa kudhibitiwa. Hizi ndizo nafasi za kuingilia. Boise, mji wa Idaho Steelheads, na Portland, mji wa Maine Mariners, ni miji midogo yenye familia nyingi zilizotoka Kongo na Maziwa Makuu, na kijana anayezungumza Kiswahili nyumbani hahitaji kuwa amezaliwa juu ya barafu ili afundishwe kunoa viatu. Kwa anayeajiriwa kutoka nje ya Marekani, iko viza ya P-1S kwa wahudumu muhimu wa wanamichezo wenye viza ya P-1, lakini hutolewa kwa mtu mwenye ujuzi ambao timu haiwezi kuupata kwa urahisi, hivyo maombi yake yanahitaji mwanasheria na barua zenye maelezo ya kina. Klabu changa kama Ice Lions ya Nairobi, iliyokulia katika uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari uliofunguliwa mwaka 2005, haiwezi kuajiri watu wanne. Kwake ningesema aanze kufundishwa mnoaji na mtu wa huduma ya kwanza, kabla ya kutafutwa kocha wa pili.

Andika mgawanyo kabla ya Oktoba

Wakishapatikana, waketishe wote wanne katika chumba kimoja mwezi Septemba, kabla wachezaji walioachwa na kambi za NHL na AHL hawajaanza kushuka. Andikeni nani anatoa taarifa za majeruhi kwa klabu ya juu, nani anaweka saini ya bima mchezaji anapoumia kazini, nani anashika funguo za ghala, nani anaweza kuahirisha mazoezi baada ya safari ndefu. Jambo linalogombanisha watu zaidi ni mapumziko ya robo saa na ushei kati ya vipindi: kocha anataka wachezaji wamsikilize, mtaalamu wa tiba anataka kuwafunga bandeji, mtunza vifaa anataka viatu vyao. Njia iliyo nyepesi ni makocha kukaa wenyewe ofisini dakika tano za mwanzo wakitazama video, huku chumba kikiachwa mikononi mwa hao wawili, kisha kocha aingie azungumze kwa ufupi.

Mwezi Machi, wanafunzi wa vyuo vikuu wanapomaliza msimu wao na kuanza kujiunga na timu kwa majaribio, vifaa na vitanda huhitajika ghafla. Bajeti ya mwezi huo itengwe tangu mwanzo. Na mkataba wa kila mmoja wa hao wanne uwe na kipengele kinachomtaka, kabla ya kulipwa mshahara wa mwisho, aikabidhi klabu daftari lake: majina na simu za usajili, vipande vya video, historia ya vifaa na vipimo vya kunoa. Kumbukumbu za matibabu zibaki chini ya daktari wa timu kwa mujibu wa sheria, zisiingie katika makabrasha ya ofisi.